Inchi Tano za Shangazi

Kila siku akitoka shule, Bobini alivua sare, akaitundika kwenye msumari, akala chakula alichofunikiwa, kisha akaingia chumba cha mbele. Chumba hicho mama yake alikuwa amekigeuza kuwa mahali pa kushonea. Kazi za Bobini zilijulikana: kufagia nyuzi, kuokota pini kwa sumaku, kutia cherehani mafuta, na kukunja vitambaa vilivyotawanyika mezani. Alizifanya bila kusukumwa, maana chumba kile ndicho mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyemcheka.

Jina lenyewe alilipata humo humo. Alipokuwa anatambaa, kila alipopotea alikutwa chini ya cherehani ameng'ang'ania bobini, kile kigurudumu kidogo cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Nyumbani lilikuwa jina la mapenzi. Lilipofika shuleni likageuka tusi.

"Sogeeni, bobini inabingirika!" wenzake walipiga kelele akipita.

Wasichana wa darasa lake walikuwa pia na mchezo mbaya. Walimvizia mwenzao kwa nyuma, wakageuza kiuno cha sketi yake, wakasoma namba ya lebo na kuitangaza darasa zima. Walipomfanyia Bobini mara ya pili, alirudi nyumbani akachukua wembe na kukata lebo yake. Wembe ukateleza, ukachana kitambaa pia. Likabaki tundu dogo la kuingia ncha ya kidole. Mama hakuliona. Bobini alihakikisha hivyo kwa kuifua sketi mwenyewe.

Mwaka huo alitimiza miaka kumi na tatu, na siku moja mama alimwita mezani.

"Kwaya yetu inaimba kwenye ufunguzi wa wodi mpya ya wazazi," alisema. "Magauni saba ya kitambaa kimoja. Sita ya wenzangu na moja langu. Mimi nitakuwa kwenye mkasi, wewe utashika futikamba."

Bobini alidhani hakusikia vizuri. Ile kamba ya manjano yenye namba nyeusi ilikaa shingoni mwa mama mchana kutwa, wala haikuazimwa na mtu.

"Mimi nipime watu wazima?"

"Una macho, una mikono, na hesabu unaziweza. Kilichobaki ni nini?" Mama akaivua, akamvika yeye. "Unachokisoma ndicho unachokiandika. Mimi nakata kwa kufuata daftari. Ukikosea daftarini, nimeharibu mimi, na jina litakaloharibika mtaani ni langu."

Bobini akaitikia kwa kichwa. Alijiona amerefuka ghafla.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba yake. Shangazi alikuwa karani wa posta, mwanamke mwenye sauti iliyosikika mpaka nje hata akinong'ona. Ndiye aliyeongoza nyimbo. Yeye na mama hawakupikika chungu kimoja, na hakuna aliyejua ugomvi wao ulianza lini.

"Karibu, wifi. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kupimwa, sikuja kupiga soga."

Bobini akamzungushia futikamba kwa adabu, akaivuta kidogo, akasoma kama alivyofundishwa. "Kiuno, arobaini na moja."

"Ngapi?"

"Arobaini na…"

"Nani kakwambia utangaze? Unanadi mitumba hapa?" Shangazi akaisukuma futikamba kama mtu anayefukuza nzi. "Una macho ya mama yako wewe. Yakimtazama mtu wa upande wetu yanaona makubwa tu. Tangu nizaliwe sijafika arobaini! Hata hili gauni nililovaa lina lebo ya dukani, njoo uisome."

"Wifi, lebo za dukani kila kiwanda kina zake," mama alisema bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Futikamba yangu ni hiyo hiyo moja."

"Futikamba yako imelegea. Kama mdomo wako." Shangazi akachukua mkoba, kisha akamwangalia Bobini juu chini. "Na wewe mwenyewe jipime kabla hujapima watu. Unavyofura, utadhani unajazwa upepo. Kesho nitapita kukagua hilo daftari."

Akatoka, akaacha mlango wazi.

Bobini alikaa na penseli mkononi. Mama alikuwa ameshainamia chaki yake, amenuna. Kila alipoitazama ile arobaini na moja, Bobini alisikia tena maneno ya shangazi. Akachukua kifutio. Akafuta taratibu, akapuliza vumbi lake, akaandika thelathini na sita.

Kesho yake shangazi alipita kweli. Akaweka kidole chake chini ya mstari wake, akasoma, na uso wote ukanyooka.

"Umeona? Ukitulia unajua kupima." Tena akampigapiga Bobini shavuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Mwenyekiti wa kwaya alipokunja uso kabla hata hajaguswa, Bobini alipunguza inchi mbili. Muuza samaki alipouliza kwa wasiwasi, "Si nimepungua, mwanangu?", alimpunguzia tatu. Hakumwacha hata muuguzi, ambaye hakuuliza chochote, wala wale wawili waliobaki. Wote waliondoka wanacheka, wakimsifu. Kwa siku tatu Bobini hakuitwa jina baya na mtu mzima yeyote, na alianza kuamini kwamba amegundua namna ya kuwafurahisha watu.

Siku ya kukata, mama alisoma daftari mara mbili.

"Mwenyekiti ana kiuno cha thelathini na mbili? Tangu lini?"

"Ndivyo ilivyosoma, mama."

"Futikamba haikupinda mgongoni?"

"Haikupinda."

Mama aliutazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika mkasi kwa miaka kumi na minane. "Mkono wangu unakataa," alisema. "Lakini kazi nilikupa mwenyewe, nitakuaminije nusu?" Akaacha ukingo wa kitambaa mpana kuliko kawaida yake kwenye kila mshono, akakata. Bobini alisikia mkasi ukitafuna kitambaa, akainama kuokota pini. Hapo ndipo angesema. Hakusema.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliicheka. Gauni la mwimbaji halikutoka mlangoni mwake mpaka mwenyewe aimbe nalo. "Mtu akisimama kimya hahitaji pumzi," alieleza. "Akiimba, kifua na tumbo vinataka nafasi." Kwa hiyo, siku mbili kabla ya ufunguzi, wanawake sita walikusanyika chumbani mwake alasiri, wakavaa nyuma ya pazia mmoja baada ya mwingine.

Manung'uniko yalianzia huko huko nyuma ya pazia.

"Hii zipu imekwama."

"Haijakwama. Haifiki."

"Nikanyage mgongoni basi, labda itapanda!"

Shangazi alitoka wa mwisho. Muuguzi alikuwa amemfunga kwa kuvuta mpaka vidole vikamuuma. Shangazi alisimama wima kama mlingoti, hapumui, midomo imemkauka. Tangu jana alikuwa hajala, ingawa hilo hakumwambia mtu. Wiki nzima alikuwa amewaringia wenzake kwa ile thelathini na sita yake.

"Haya, tuimbe tuondoke," alisema kwa sauti nyembamba.

Mwenyekiti akahesabu. Wakaanza. Ubeti wa kwanza waliupita wakibana pumzi. Katika wa pili ilikuja zamu ya shangazi kupaza peke yake. Alivuta pumzi, na kabla sauti haijatoka, mshono wa ubavuni ukaachia, rrraa, kutoka kwapani hadi nyonga.

Hakuna aliyeimba tena. Muuza samaki alijiziba mdomo, lakini kicheko kilimtoka puani. Shangazi alijishika ubavu kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka, na macho yakawa mekundu.

"Umefanya makusudi!" alimgeukia mama. "Tangu kaka yangu akuoe unanitafuta. Sasa umepata! Umenivua nguo mbele za watu!"

"Wifi, sikufanya…"

"Nyamaza! Fundi gani anashonea watu wazima nguo za watoto?"

"Na langu pia linanibana," mwenyekiti alisema kwa ukali. "Sote yanatubana. Miaka yote hii tumekuletea kazi, fundi, leo ndiyo unatufanyia hivi? Bora tungempelekea yule wa ng'ambo ya barabara. Na ujue mtaa mzima utasikia."

Bobini alikuwa kwenye kona, sumaku ya pini mkononi. Alimtazama mama yake akingoja aseme, "Nilikata kwa kufuata daftari. Aliyepima ni huyu." Lilikuwa neno la haki, na mama alilijua.

Mama alifuta mikono kwenye aproni. "Labda ni macho yangu," alisema. "Nimekuwa nayachosha. Mnisamehe."

Lilikuwa jambo baya kuliko matusi yote. Macho ya mama yalitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, na kila mtu pale alijua. Sumaku ikamponyoka Bobini, pini zikatawanyika sakafuni.

"Si mama," alisema.

Wakageuka.

"Ni mimi. Nilipima sawasawa, halafu nikaandika uongo. Nilimpunguzia kila mtu. Mlikuwa… mlikuwa mnakasirika mkizisikia. Mama aliniuliza, na yeye nikamdanganya."

"Mimi ulinipunguzia ngapi?" shangazi aliuliza taratibu.

Bobini alitamani sakafu impokee. "Tano. Ni arobaini na moja, shangazi."

Sasa wote walikuwa wameisikia. Shangazi akapiga hatua mbili, mkono umeshapanda juu. Mama alikuwa wa haraka zaidi, akasimama katikati.

"Mtoto wangu amekosa, na mimi ndiye nitakayemwadhibu. Huyu humgusi, wifi."

Shangazi akashusha mkono, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na nguo zake za kawaida. Lile gauni lililochanika alilitupa mezani.

"Familia ya waongo," alisema, akaondoka.

Mwenyekiti alikuwa anakusanya vitu vyake, amefura kwa hasira. Muuguzi ndiye aliyemzuia.

"Jamani, tumebakiza siku mbili. Kununa hakutashona." Akasimama mbele ya Bobini na kuinua mikono pembeni. "Nipime. Na usome kwa sauti, hata wa nje wasikie."

Bobini akavua futikamba shingoni. "Kwa sauti?"

"Kila asubuhi nawapima watoto wachanga. Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya namba. Wanalia kwa sababu mizani ni ya baridi."

Muuza samaki akacheka, safari hii waziwazi. Bobini akapima, akasoma kwa sauti. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mwenyekiti alikubali wa mwisho, ametazama ukutani, na aliposikia namba yake alibetua midomo tu. "Kesho jioni nataka langu," alisema. "Likibana tena, tusijuane."

Walipoondoka, mama aligeuza magauni ndani nje. Ule ukingo mpana alioacha kwa sababu mkono wake ulikataa ulitosha kwa watano: kufumua, kuachia, kushona upya. La shangazi ndilo lililoshindikana. Hata likiachiwa lote, lilipungukiwa vidole viwili kila ubavu. Jora la kitambaa kile lilikuwa limekwisha dukani.

Mama alikwenda kabatini. Kisha akatoa gauni lake mwenyewe, jipya, lililopigwa pasi, akamwekea Bobini mapajani pamoja na wembe.

"Fumua."

"Mama, hili ni lako!"

"Najua ni langu."

"Utaimba na nini?"

"Sitaimba." Sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo. "Adhabu yako ndiyo hiyo. Mshono mmoja mmoja. Ukikata kitambaa hata uzi mmoja, hatuna kingine."

Bobini alifumua mpaka vidole vikaingia ganzi, machozi yakimdondokea mapajani. Mama alikuwa kwenye cherehani, mgongo umemgeukia. Baada ya muda mrefu aliuliza, bila kugeuka, "Kwa nini hukuniambia kwamba wanakutukana?"

"Wewe pia shangazi anakutukana. Unanyamaza."

Cherehani ikasimama. Mama akageuka kumtazama, na ndipo macho yake yalipotua kwenye sketi ya shule msumarini, ng'ambo ya mlango uliokuwa wazi, mahali jua la jioni lilipopenya kwenye tundu.

"Na hilo je?"

Bobini akamweleza: mchezo wa lebo, wembe, na jina linalobingirika. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Njoo hapa," alisema. Akamzungushia futikamba kiunoni. "Soma."

"Sitaki."

"Sikukuuliza unataka nini. Soma."

Bobini akasoma, kwa sauti ndogo.

"Haya. Nimejua nini? Nimejua nikate kitambaa kiasi gani ili ukikaa usibanwe, ukikimbia usichanike. Basi. Sijajua kama una akili, wala kama una adabu, wala kama kesho utasema kweli. Futikamba haisomi hayo. Ukiniandikia namba ya uongo, mwili haupungui hata chembe. Kinachopungua ni gauni." Akairudisha futikamba shingoni mwake. Bobini aliona hivyo, na ilimuuma kuliko wembe. "Na mimi nina kosa langu. Mkono ulikataa, nikaona aibu kuirudia kazi yako. Siku nyingine nitarudia, unune usinune. Endelea kufumua."

Kesho yake alasiri Bobini alitumwa kupeleka gauni. Shangazi alifungua mlango nusu. Nyuma yake mezani palikuwa na kikombe cha chai ya rangi, bila kitafunwa.

"Weka hapo."

"Mama amesema ulivae, kisha ulijaribu kwa kuimba."

"Mama yako ananipangia hata kuimba?" Lakini alilichukua, akalikunjua, akaona vipande viwili vilivyoongezwa ubavuni, mishono yake imenyooka kama mstari wa rula. Akavipapasa. "Hiki kitambaa kimetoka wapi? Jora liliisha."

"Kwenye gauni la mama."

"Na yeye atavaa nini?"

"Haimbi, shangazi."

Shangazi akasonya, ila hakusonya kwa nguvu. Alisimama pale na gauni mikononi kama aliyesahau jambo. Bobini akakusanya ujasiri.

"Shangazi, nisamehe. Nilikuaibisha mbele za watu."

"Ulisema kweli mbele za watu. Uongo uliuandika pembeni, nikaupenda." Akafunga mlango.

Siku ya ufunguzi Bobini na mama walikaa kwenye benchi la nyuma. Mama alijua kila wimbo, na midomo yake ilicheza bila kutoa sauti. Zamu ya shangazi ilipofika, Bobini aliangalia ubavu wake tu. Shangazi akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa, gauni likatanuka pamoja naye na kutulia. Sauti ikatoka nzima, ikapanda, ikakaa huko juu mpaka watoto wachanga wodini wakaanza kulia. Watu walisimama kupiga makofi. Mama alishusha pumzi, kisha akainama kutafuta kitu kwenye mkoba, akakitafuta muda mrefu.

Wiki moja baadaye, Bobini alikuwa anaokota pini shangazi alipoingia bila kubisha. Alitupa bunda mezani. Ndani kulikuwa na vitambaa viwili.

"Cha kijani ni chako, wifi. Si kama kile, kile hakipatikani. Usinishukuru, sipendi kelele. Cha bluu ni changu. Nataka nipimwe."

Mama akashika futikamba shingoni, akaivua. Aliitazama kidogo, kisha akamnyooshea Bobini.

"Mtoto huyo huyo?" shangazi aliuliza.

"Huyo huyo. Akimaliza, narudia mimi."

Bobini akaizungusha, akahakikisha haikupinda, akasoma. Kisha akasoma tena, maana namba ilikuwa imebadilika. Aliinua macho.

"Kiuno," alisema kwa sauti ya kusikika, "arobaini na mbili."

Shangazi alimkazia macho mpaka akadhani futikamba itaruka dirishani.

"Nimerudi kula," shangazi alisema. "Andika."

Mama akachukua futikamba, akapima mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Shangazi alipoondoka, mama aliitoa sketi ya shule msumarini. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kiraka kidogo cha kitambaa cha kwaya, kimeshonwa kwa ndani.

"Wakigeuza kiuno chako watakuta hicho, hakina namba," alisema. "Wakikuuliza namba, waambie. Anayeisema mwenyewe hana kitu cha kutangaziwa. Wewe ulitaka kila mtu aondoke hapa anacheka, ukaandika walichotaka kusikia, na ukaona kilichotokea. Heri mtu akukasirikie leo kwa kweli uliyomwambia, kuliko nguo imchanikie kesho kwa uongo wako."

"Nimeelewa, mama."

"Umeelewa? Basi lete daftari, tukate kitambaa cha shangazi yako."

Bobini alileta daftari. Palipokuwa pameandikwa thelathini na sita, palibaki karatasi nyembamba, imechakaa kwa kifutio. Mstari wa chini yake, ule wa arobaini na mbili, uliandikwa kwa kalamu ya wino, isiyofutika.